Weka hicho kitambaa chini kwanza, mkuu

Mkuu, funika hiyo dawa ya kung'arishia shaba uirudishe kabatini, halafu ndiyo tuongee. Nimesoma bandiko lako vizuri tu: umepata kalamu ya wino ya Kijapani iliyotumika, Namiki yenye maki-e, yaani picha ya unga wa dhahabu, unauliza kama ni halisi na nibu ya M, ile ncha ya unene wa kati, itakuwa nene kiasi gani. Sawa. Ila nilipofika pale fundi saa wako anaposema "hiyo ni rangi tu, isugue itarudi kama mpya", chai ilinipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016.

Nilikuwa Yokohama kwenye mambo ya magari. Siku moja Tokyo, kwenye duka la vitu vilivyotumika, nikaikuta kalamu nyeusi yenye korongo wawili wa dhahabu. Yen 165,000. Nyumbani nilisema 16,500, sifuri moja ikapotelea baharini pamoja na kontena. Kalamu ilikuwa nzima, ila imeingia ukungu kidogo na mikwaruzo myembamba karibu na klipu. Mtu mwenye akili angeiacha hivyo hivyo.

Mimi niliporudi Dar nikaipeleka kwa fundi. Simtaji, naye anajijua. Miaka 30 kazini, saa za wakubwa zote zimepita mkononi kwake, anakwambia hivyo kabla hujakaa. Akapaka dawa, akasugua kama dakika kumi huku ananipigia hadithi za Simba na Yanga. Kalamu iking'aa, nami nachekelea! Kumbe inang'aa kwa sababu picha inaondoka. Dhahabu yote ilikuwa kwenye kitambaa. Korongo mmoja akabaki miguu na nusu ya shingo, mwenzake kanyonyoka bawa zima kama kuku anayesubiri sufuria ya pilau. Nikamuuliza fundi, "Hii imekuwaje?" Akanijibu, "Hiyo dhahabu ilikuwa feki, ya kweli haitoki." Na hela yake akachukua.

Nilimwamini kwa wiki nzima, ndiyo inayoniuma zaidi.

Sasa sikiliza. Ile picha si rangi wala si dhahabu iliyochovywa, imekaa juu ya urushi. Urushi ni utomvu wa mti, ndugu wa mkorosho na mwembe. Ukiwa mbichi unawasha na kutoa malengelenge, mtu wa Mtwara aliyewahi kuunguzwa mdomo na ganda la korosho ataelewa bila kuelezwa. Haukauki kwa kuanikwa juani. Unawekwa kwenye kabati lenye joto na unyevunyevu, tabaka moja baada ya jingine. Kwenye maki-e ya kawaida, hira, msanii anachora kwa urushi mbichi, ananyunyizia unga wa dhahabu kabla haujashika, ukishakuwa mgumu anapitisha tabaka jembamba sana juu yake, kisha anaung'arisha kwa ncha ya kidole na unga laini. Kidole, mkuu! Mwenyewe aliyeitengeneza anaogopa kutumia zaidi ya kidole, halafu kishoka wetu anakuja na dawa ya kusugulia makomeo ya milango. Ile Wajapani wanayoiita taka, yenye picha iliyoinuka, ndiyo mbaya zaidi, maana kitambaa kinaanza na vilele: kichwa cha ndege, ncha za mabawa.

Na bawa silo lililoniua. Lililoniua ni sahihi. Kazi ya mkono kwa kawaida ina jina la msanii kwa herufi ndogo za dhahabu, mara nyingi na alama yake nyekundu pembeni. Yangu ilifutika. Niliporudi Tokyo nikaipeleka kwa muuzaji mmoja, mzee akaigeuza kwenye taa, akavuta pumzi kwa meno, akaniandikia kwenye karatasi 30,000. Kuchorwa upya kungezidi bei niliyonunulia. Kwa hiyo ninayo kalamu ya yen 135,000 za hewa.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha hata uje na wakili: kwenye urushi haipiti kitu chochote isipokuwa kitambaa laini kikavu, kama cha miwani ambacho hakina chembe ya mchanga. Ikiwa na alama za vidole, kiloweshe kidogo sana kwa maji ya kawaida, kisha kausha. Basi. Usiiweke kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, maana miale yake ndiyo adui mkubwa wa urushi. Ule ukungu unaoulalamikia huenda ulianzia dirishani kwa mwenye nayo wa kwanza. Na usiiloweke kwenye maji ya moto. Kama mwili ni eboniti, yaani mpira mgumu, sehemu isiyopakwa itageuka rangi ya chai ya rangi.

Nibu ya M ya Kijapani huwa nyembamba kuliko ya Ulaya, hiyo utazoea. Kuhusu uhalisi, chukua lensi ya sonara uangalie picha: ukikuta vidoti vilivyopangwa sawasawa kama gazeti, hiyo imechapwa, ukaisugue utakavyo. Ukikuta chembe za unga zimekaa ovyo ovyo, nene hapa nyepesi pale, iweke mbali na huyo fundi leo leo, usisubiri Jumamosi.

Halafu piga picha ya sahihi uiweke hapa. Ila usiifute kwanza ili ionekane vizuri, nakuomba.