Kwa Katekista Mpya: Ubatizo wa Dharura Kigangoni

Katekista mwenzangu uliyepangiwa kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi, jambo la kwanza ninalokusihi ulishike, kabla hata ya ratiba ya mafundisho, ni ubatizo wa mtu aliye katika hatari ya kufa. Huwezi kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu wala kumwondolea dhambi, hata ndugu zake wakikulilia, kwa kuwa hiyo ni kazi ya padre. Lakini ubatizo, wakati wa dharura, Kanisa linaruhusu utolewe na mtu yeyote mwenye nia ya kutenda litendalo Kanisa.

Tumia maji halisi, nawe uyamimine kichwani hadi yatiririke, mara tatu, huku ukimtaja jina na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Usiseme "Tunakubatiza" kwa kutaka kuwashirikisha wazazi na jumuiya. Mwaka 2020 Roma ilijibu rasmi kwamba aliyemiminiwa maji kwa maneno hayo hajabatizwa, kwa sababu anayebatiza ni Kristo mwenyewe kupitia kinywa cha mhudumu, si kundi la watu.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Usiku mmoja nilimbatiza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa kikombe cha bati, bibi yake akinishikia koroboi. Mtoto alipona, nami kwa furaha niliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, nikakichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo, kikapotea. Alipokuja kuandikishwa kipaimara, daftari la ubatizo la parokia halikuwa na habari zake. Tulimshukuru Mungu kwamba bibi yule alikuwa hai, maana kanuni ya 876 ya Sheria za Kanisa inakubali tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka. Vinginevyo paroko angelazimika kumbatiza kwa sharti, akianza na maneno "Kama hujabatizwa".

Kwa hiyo andika usiku uleule: jina, wazazi, tarehe, mahali, aliyebatiza na aliyeshuhudia, kisha upeleke parokiani mapema. Mtoto akipona, aletwe kanisani apakwe krisma, yaani mafuta matakatifu ya ubatizo, avikwe vazi jeupe na kuwashiwa mshumaa, maji hayarudiwi.