Mathayo ni yupi hapo mezani?

SWALI: Shikamoo dada. Mi naandika kutoka Masasi. Ofisini kwetu parokiani kuna kalenda, mwezi huu imetoka picha ina giza giza hivi, wanaume watano wamekaa mezani na hela, afu kulia kasimama Yesu kanyoosha mkono. Chini imeandikwa Kuitwa kwa Mathayo, Caravaggio. Tumebishana wiki nzima na mwenzangu, yeye anasema Mathayo ni yule mwenye ndevu, mi nasema ni yule kijana kainamia hela pale mwisho wa meza. Tusaidie. Na mbona wamevaa kofia za manyoya, kwani enzi za Yesu zilikuwepo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nimefurahi sana mmebishana, maana hata wasomi wa sanaa wanabishana hivyohivyo mpaka leo.

Picha hiyo Caravaggio aliichora 1599 hadi 1600, ipo Roma kwenye kanisa la San Luigi dei Francesi, ni kubwa, zaidi ya mita 3 kwenda juu na zaidi ya mita 3 upana, kwahiyo kwenye kalenda mnaona kivuli chake tu. Kuhusu kofia, zile ni nguo za Waitalia wa enzi zake yeye mchoraji. Yesu na Petro, yule kasimama karibu na Yesu, ndo kawavisha mashuka ya zamani na wako peku. Yaani kachukua habari ya Mathayo 9:9 kaileta mtaani kwake, ni kama leo mtu achore Mathayo kakaa na daftari na mzani msimu wa korosho, ananunua kangomba, yaani korosho za wakulima kwa magendo na bei ya kutupa, afu Yesu anatokea mlangoni. Ungeelewa palepale kwanini watu walinung'unika kwamba huyu naye kaitwa! Biblia yetu inasema alikuwa ameketi forodhani, na mtu wa pwani ya Lindi au Mikindani neno forodha halihitaji kuelezewa, watoza ushuru walikuwa wanakusanyia Warumi na wengi wanaongeza cha kwao juu.

Sasa giza. Umewahi kukaa ndani ya nyumba ya udongo saa nane mchana, jua kali nje, mtu akafungua mlango? Mwanga unaingia kama ubao, unampiga mmoja usoni na mwingine anabaki kwenye kivuli. Ndo hicho Caravaggio anachofanya. Angalia vizuri, dirisha lipo pale juu ukutani lakini halitoi mwanga wowote, mwanga unatoka kulia, upande aliko Yesu, unapita juu ya mkono wake mpaka kwenye nyuso za mezani. Ufuate huo kwa kidole utaona nani kainua uso na nani hana habari. Yule mzee kasimama na miwani anachungulia sarafu, yeye na yule kijana wapo na hela tu, hawajasikia kitu.

Na huo mkono wa Yesu, umeuona ulivyolegea? Ni mkono wa Adamu aliouchora Michelangelo kwenye dari la kanisa dogo la Sistina kule Vatikani, miaka kama 90 kabla. Caravaggio kampa Kristo mkono wa Adamu, na Paulo anamwita Kristo Adamu wa mwisho, mi hapo huwa natulia kabisa. Petro naye ananyoosha mkono, ila picha ilipopigwa eksirei ilionekana huyo Petro aliongezwa baadaye.

Haya, ubishi wenu. Wanaosema kijana wanasema kidole cha mwenye ndevu kinamwelekea yeye, kama anauliza "huyu?" Mi nipo na mwenzako, samahani mdogo wangu. Mwenye ndevu anamtazama Yesu machoni, mwanga umemjaa usoni, kidole nakisoma kama "mimi?" na mkono wake wa kulia bado uko mezani kwenye hela. Halafu kwenye kanisa hilohilo kuna picha nyingine mbili za Mathayo alizochora Caravaggio, na zote Mathayo ni mtu mzima mwenye ndevu.

Ila kesho ukifika ofisini fanya hivi, mfunike kijana kwa kiganja utazame, kisha mfunike mwenye ndevu utazame tena. Uniandikie umeona nini.