Jibu: Madonge ya keki za vijiti yasilale kwenye friza kabla ya kuchovywa

Usiyaweke madonge hayo kwenye friza usiku kucha.

Nimeisoma mada yako yote, ndugu mleta mada. Unataka kuandaa keki sitini za vijiti kwa ajili ya Krismasi, yaani madonge ya chenga za keki zilizochanganywa na aisingi (krimu tamu ya kupambia keki), yakachomekwa kijiti na kuchovywa kwenye chokoleti, zikiwa na sura za watu wa theluji, miti ya kijani na kulungu wenye pua nyekundu, na umeuliza keki ipi inafaa, rangi ipi itumike kwenye chokoleti, pembe za kulungu zitengenezwe kwa kitu gani, maandalizi yaanze siku ngapi kabla, na zifungwe vipi ili zifike salama. Ya rangi na ya siku za maandalizi nitayafikia. Lakini katikati ya maelezo yako umeandika, kana kwamba ni jambo dogo tu, kwamba madonge utayagandisha mpaka yawe kama jiwe, ndipo uyachovye asubuhi yake. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na yaligharimu keki sabini na mbili.

Nilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Keki niliiacha ipoe kabisa kabla ya kuifikicha, aisingi niliiongeza kijiko kimoja kimoja hadi chenga zikashikamana nilipozibana kiganjani bila kuacha mafuta mkononi, na kila donge nililiweka kwenye mizani likawa na gramu 30, kwa sababu mimi ni mtu wa kupima. Kisha nikayapanga kwenye trei, nikayaingiza kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, nikalala usingizi wa mtu aliyekwishamaliza kazi.

Asubuhi madonge yaligongana kama kokoto. Nilifurahi, kwani ndivyo nilivyoahidiwa. Nilipolichovya la kwanza, chokoleti ililishika papo hapo na kuganda kabla sijapata nafasi ya kugonga kijiti ukingoni mwa kikombe ili iliyozidi idondoke, hivyo nikabaki na ganda nene lenye mkia chini kama tone la mshumaa. Nilipolinyunyizia chenga za sukari zenye umbo la theluji, zilidunda na kutawanyika mezani, kwa maana hapakuwa tena na chokoleti mbichi ya kuzinasa. Wakati huohuo madonge yaliyokuwa yakisubiri zamu yalianza kutoka jasho, kwani hewa yenye joto ikigusa kitu kilichoganda huacha umande juu yake. Kila donge lililoingia kikombeni liliacha unyevu wake humo, na nilipofika donge la ishirini hivi, chokoleti iliyokuwa ikitiririka ilikuwa imegeuka kuwa tope.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo pia nilifundishwa. Niliongeza kijiko kimoja cha maziwa ya uvuguvugu ili kuilegeza. Chokoleti na maji kidogo havipatani hata kidogo: chembe za sukari na kakao hulowa, hushikana, na kwa kukoroga mara mbili au tatu bakuli zima hugeuka kuwa donge lenye chembechembe lisilofaa kuchovyea kitu chochote. Ukiongeza maji zaidi litalainika, ni kweli, lakini hapo umepata mchuzi wa chokoleti, na mchuzi haugandi juu ya keki. Nikayeyusha chokoleti nyingine, na safari hii, kwa hasira na haraka, nikaipasha moto mwingi ili iwe nyepesi ishinde baridi ya madonge. Kwa maneno mengine, nilichukua kitu kilichoganda kabisa nikakitumbukiza katika kitu cha moto kabisa, kisha nikashangaa.

Jioni zilipendeza. Nakiri hivyo bila aibu. Watu wa theluji ishirini na wanne walisimama wamenyooka, wakiwa na pua za rangi ya chungwa na macho madogo meusi niliyoyaweka kwa ncha ya kijiti cha meno, nikawapiga picha na kuwatumia ndugu wote, wakiwamo wale ambao sikuwa na sababu yoyote ya kuwatumia. Baada ya chakula cha usiku niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye mmoja wao. Nikauziba kwa chokoleti. Nilipogeuka, wa pili alikuwa nao. Kulipokucha nilihesabu kumi na moja tu waliokuwa wazima kati ya sabini na wawili. Waliobaki walikuwa wamepasuka, wengi wao kuanzia pale kijiti kinapoingia na kupanda juu, na katika nyufa hizo mafuta ya aisingi yalikuwa yakichuruzika yakiwa na rangi ya kahawia. Mtu wa theluji mmoja ufa wake ulipita chini ya jicho la kushoto, na tone lilikuwa limesimama shavuni kabisa. Mtoto wa kaka yangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Shangazi, huyu amefiwa?"

Wifi yangu, Mungu ambariki, alizipanga zote mezani nyufa zikiangalia ukuta. Ilisaidia mpaka mtu wa kwanza alipoinua yake. Familia bado inaziita keki za tetemeko, na kila mwaka mnamo mwezi wa Desemba kuna mtu anayeniuliza kama nimepata tetemeko jipya.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na si ngumu. Keki iliyoganda imesinyaa. Ganda la chokoleti likishikana juu yake linakuwa limekata nguo kwa kipimo cha mtu aliyebana pumzi. Donge likianza kurudi kwenye joto la chumba, linatanuka pamoja na hewa iliyo ndani yake, ilhali ganda limekwishakuwa gumu na halina mahali pa kwenda. Kwa upande wa pili, chokoleti iliyokuwa ya moto husinyaa kadiri inavyopoa. Ndani kunasukuma, nje kunabana, na ganda hupasuka pale lilipo jembamba zaidi. Kadiri tofauti ya joto kati ya donge na chokoleti inavyokuwa kubwa, ndivyo nyufa zinavyokuwa nyingi, na mimi nilikuwa nimeichagua tofauti kubwa kuliko zote zinazopatikana jikoni.

Sasa, kuhusu aliyenifundisha. Jina simtaji, lakini alikuwa mwalimu wa video mwenye aproni safi kuliko yeyote niliyewahi kumwona, na maneno yake yalikuwa kwamba ukigandisha usiku kucha hutapata shida yoyote wakati wa kuchovya. Nimeirudia video hiyo mara nne, na safari zote nne nimegundua jambo lile lile: inakatika dakika chache baada ya keki ya mwisho kuchovywa, wakati ganda bado linang'aa. Nyufa huja baada ya saa kadhaa, kamera ikiwa imekwishazimwa na aproni imekwishafuliwa. Hata wanaosifu chini ya video wanasifu wakiwa na chokoleti mbichi vidoleni. Mimi niliandika swali kwa heshima zote, nikaeleza nyufa, nikaeleza mafuta, nikaeleza na habari ya maziwa, nikajibiwa kwa alama ya moyo mwekundu. Moyo! Mimi nilihitaji nyuzi joto. Na kabla hamjanicheka, wadau, naomba iandikwe kwamba sikuwa mjinga; nilikuwa mtiifu, na hayo ni makosa mawili tofauti.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na ndugu mleta mada, ukiyasahau mengine yote niliyoandika, hii uibandike kwenye mlango wa friji: donge liwe baridi lakini lisiwe limeganda, na chokoleti iwe ya uvuguvugu lakini isiwe ya moto.

Donge baridi maana yake ni donge lililokaa kwenye friji ya kawaida, yenye nyuzi 4 hivi, kwa saa moja au mbili likiwa limefunikwa. Kama una haraka, friza itumie kwa dakika kumi na tano tu, kisha uyahamishie kwenye friji, na uweke saa ya kukukumbusha, kwa sababu dakika kumi na tano za mtu mwenye shughuli huwa arobaini. Toa madonge machache kwa wakati mmoja, mimi hutoa kumi na mawili, uyaache mezani kama dakika kumi. Bonyeza moja kwa kidole: likikubali kubonyea kidogo na kurudi, liko tayari, likikataa kabisa, subiri, ukiona unyevu juu yake, lifute kwa karatasi laini ya jikoni na usubiri tena. Pasua moja katikati ukiwa na shaka. Ni afadhali upoteze donge moja.

Chokoleti ya uvuguvugu ni ile yenye nyuzi 38 hadi 40 hivi, na hapa ninazungumzia chokoleti ya kuchovyea iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, ambayo huganda vizuri bila kazi ya ziada. Chokoleti halisi yenye siagi ya kakao ni habari nyingine: hiyo huyeyushwa, hupozwa, kisha hupashwa tena kwa kipimo, nyeusi ikitumika ikiwa kwenye nyuzi 31 au 32 na nyeupe chini kidogo ya hapo, la sivyo itabaki laini na kutoka mabaka ya kijivu. Kama ni mara yako ya kwanza na una keki sitini, sikushauri kuianza vita hiyo. Huna kipimajoto? Gusisha tone dogo kwenye mdomo wa chini. Likihisi joto, bado. Likihisi karibu sawa na mwili wako, chovya. Ikiwa nzito, ilegeze kwa mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, kijiko cha chai kimoja kimoja. Maziwa usithubutu, na siagi nayo usiitie, kwa kuwa takriban asilimia 16 ya siagi ni maji, na maji hayo tumekwishaona kazi yake.

Vijiti navyo vinafuata kanuni hiyohiyo. Chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti, kiingize hadi katikati ya donge, rudisha friji dakika chache kishikane, halafu ndipo uchovye donge zima. Tumia kikombe chembamba chenye kina, ulishushe wima na kulipandisha wima bila kulizungusha, na uhakikishe chokoleti imefunika mpaka kwenye shingo ya kijiti, kwani tundu likibaki hapo mafuta yatatokea hapohapo hata kama hakuna ufa. Ukilichovya likiwa na baridi inayofaa, utapata nusu dakika na zaidi kabla chokoleti haijaganda, ambayo inatosha kugonga kijiti taratibu na kunyunyizia theluji ya sukari ikanasa inavyotakiwa. Hakuna atakayekwambia kwamba siri ya mapambo ni baridi ya donge, lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu rangi, jibu ni fupi. Rangi za chakula za kawaida, za maji na hata zile nzito za kwenye vikopo vidogo, zina maji, na zitaifanya chokoleti yako kile ambacho maziwa yaliifanyia yangu. Tafuta rangi ya mafuta au ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya chokoleti. Kijani cha miti utakipata kwa urahisi ukianza na chokoleti nyeupe. Nyekundu ya pua inahitaji rangi nyingi mno, kwa hiyo tumia vidonge vya peremende vyekundu na usijitese.

Kuhusu siku za maandalizi, friza uliyoipenda ina nafasi yake, na wala siifukuzi jikoni. Madonge ambayo hayajachovywa unaweza kuyagandisha wiki kadhaa kabla, mradi uyafunge vizuri yasipate hewa. Ila yatoke friza yaingie friji usiku wa kuamkia siku ya kuchovya, yakiwa bado yamefungwa, ili umande utue juu ya mfuko badala ya kutua juu ya keki. Chovya siku moja au mbili kabla ya sherehe. Kama aisingi yako ni ya jibini laini, lazima zikae kwenye friji; kama ni ya siagi na sukari, zitakaa salama kwenye chumba chenye ubaridi, na ningekushauri uziache huko, kwa sababu keki iliyochovywa ikitoka friji nayo hutoa jasho, rangi ikachuruzika, na tukarudi kwenye msiba wa yule mtu wa theluji.

Ombi langu ni moja. Kabla hujayagusa madonge hayo sitini, tengeneza matatu leo jioni. Moja ligandishe kabisa kama ulivyopanga, moja lichovye kutoka friji moja kwa moja, na la tatu liache mezani dakika kumi kwanza. Yasimamishe kwenye glasi yenye sukari ndani, ulale, na asubuhi uyazungushe yote matatu karibu na dirisha, ukiangalia hasa pale kijiti kinapoingia. Ukikuta lile la kwanza halina ufa, rudi hapa uniambie, nami nitaiomba radhi ile aproni.