Mwamba mgumu, lakini dari inadondosha mapande

Ndugu, umesema sampuli za mwamba zilifaulu vipimo vya ugumu maabara, ila dari ya handaki bado inaangusha mapande. Sishangai. Vipimo vya sampuli hupima jiwe zima, lisilo na ufa, na kwa kawaida handaki halibomoki kwenye jiwe zima. Hubomoka kwenye nyufa. Makundi matatu ya nyufa, kila kundi likielekea upande wake, yakikutana juu ya dari huweza kukata pande kama kabari, nalo hushuka kwa uzito wake lenyewe.

Kwa hiyo anza na mwelekeo. Handaki likikata nyufa kwa pembe mraba, kila ufa unaupita upesi. Likienda sambamba nazo, hasa zikiwa zimesimama wima, udhaifu unakufuata mita kwa mita. Kama njia bado inaweza kupindishwa, ipindishe.

Mpasuko mkubwa, ule ambao pande zake zimesogea, ni habari nyingine. Ndani yake mwamba umesagika, mara nyingi kuna udongo wa mfinyanzi, na maji yakiingia unateleza au kuvimba. Toboa tundu la uchunguzi kabla ya kuufikia, punguza urefu wa kila hatua ya kuchimba, kisha weka bolti, yaani fimbo za chuma zinazofungwa ndani ya mwamba, na zege la kunyunyiza mapema. Bolti zivuke ufa. Zikilala sambamba nao hazishiki kitu.