Re: Hiace inawaka kisha inazima baada ya kubadilisha filta

Salamu ndugu. Hiace ya dizeli, filta ya dizeli umebadilisha mwenyewe hapo nyumbani Busia, sasa inawaka dakika moja kisha inazima. Hiyo ni hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli, pampu kubwa inayopeleka dizeli kwenye injini usiiguse. Kagua kwanza sensa ya maji chini ya filta: wengi huihamishia filta mpya na mpira wake wa zamani uliokwisha kubapa, nao hunyonya hewa hata bila kudondosha tone. Weka mpira mpya, upake dizeli, kaza filta kwa mkono tu. Halafu bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu kabisa. Ikibaki laini, angalia klipu za paipu inayotoka kwenye tangi. Starta usiipige zaidi ya sekunde 15 mfululizo, utaiunguza bure.