Gharama ya Kujenga Banda Nyumbani: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Swali: Nimekusudia kujenga banda la kuhifadhia zana, baiskeli na mifuko ya mbolea nyuma ya nyumba yangu, lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Nimewaita mafundi watatu, nikawaeleza haja yangu, na kila mmoja akaniletea makisio. Ya fundi wa tatu yamezidi maradufu ya yale ya fundi wa kwanza, na wote wanaapa kwamba bei yao ndiyo ya haki. Nimwamini nani?

Jibu: Huenda wote watatu wamekuambia kweli, kwa sababu hawakukisia banda moja. Ikiwa ulichowaeleza ni hicho ulichotuandikia, umewapa vipimo vya chini na matumizi tu, na kila mmoja amejijazia mengine kwa mazoea yake. Mmoja ameona moyoni mwake nguzo zilizochimbiwa ardhini na kuzungushiwa mabati mepesi, mwingine ameona sakafu ya zege, fremu ya mbao zilizotiwa dawa na mlango wa kitasa. Yote mawili huitwa banda, lakini gharama zake hazikutani popote.

Anza na sakafu, maana ndiko fedha nyingi huzama bila kuonekana. Zege la unene wa sentimita 10 katika eneo lako la mita za mraba 12 ni mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, utahitaji mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50, pamoja na mchanga na kokoto zinazokaribia mita za ujazo 1.6. Zege hilo likishamwagwa lina uzito wa karibu tani 3. Sasa jiulize jambo ambalo wengi hulisahau: je, lori linaweza kufika nyuma ya nyumba? Kama haliwezi, mchanga na kokoto vitamwagwa mbele, na kuvifikisha nyuma ni zaidi ya safari 25 za toroli, mbali na saruji, mbao na mabati. Fundi aliyeukagua uwanja wako akaona uchochoro mwembamba ameiweka kazi hiyo katika makisio yake, ilhali aliyekisia kwa simu hakuiweka, naye ataikumbuka siku ya kazi.

Baada ya sakafu huja paa. Mabati hutofautiana kwa geji, yaani namba ya unene wake, na wanunuzi wengi hudhani namba kubwa ni bati nene, kumbe ni kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 32, na bei yake ni ya juu zaidi. Umbo la paa nalo lina bei yake. Paa la mteremko mmoja halihitaji kenchi (fremu za mbao za pembetatu zinazobeba paa) wala kofia ya juu (bati la kufunika kilele), kwa hiyo linaokoa mbao pamoja na siku za fundi, na kwa banda la ukubwa wako sioni sababu ya kujenga la miteremko miwili isipokuwa kwa ajili ya kupendeza macho.

Ushauri wangu ni kwamba uandike ukurasa mmoja unaotaja aina ya sakafu na unene wake, ukubwa wa mbao za fremu (kama ni inchi mbili kwa nne au mbili kwa tatu), geji ya bati, kimo cha ukuta upande wa juu na wa chini, upana wa mlango, madirisha kama yapo, rangi, na nani atasawazisha kiwanja na kuondoa taka. Wape wote watatu ukurasa huo huo na uwaombe watenganishe vifaa, usafirishaji na ufundi. Usimdharau wa bei ya chini kwa kuwa ni ya chini tu, wala usimwone wa bei ya juu kuwa ni mlafi. Atakayekataa kutenganisha hesabu ndiye ningemwacha, hata kama jumla yake inavutia, kwa sababu siku utakapotaka kupunguza kitu hutajua umepunguza kiasi gani.

Swali: Je, nikilipunguza banda kutoka mita 3 kwa 4 hadi mita 2 kwa 3, gharama itapungua kwa nusu?

Jibu: Haitapungua kwa nusu, na hapa hesabu ya gharama kwa mita ya mraba huwapotosha watu. Eneo la sakafu na la paa litapungua kwa nusu kweli, kutoka mita za mraba 12 hadi 6. Hata hivyo mzunguko wa kuta utatoka mita 14 hadi mita 10, yaani umepungua kwa chini ya theluthi moja. Mlango ni ule ule mmoja, bawaba na kufuli ni zile zile, na gari lililoleta vifaa halitozi nusu kwa kuwa limebeba nusu. Ndiyo maana banda dogo huwa ghali zaidi ukiligawanya kwa mita, na anayeongeza mita moja katika urefu hupata nafasi hiyo kwa bei nafuu kuliko mita zake za kwanza.

Kuna njia ya kuokoa iliyo bora kuliko kupunguza ukubwa, nayo ni kupanga vipimo kufuatana na urefu wa vifaa vinavyouzwa. Tuseme mabati yanayopatikana karibu nawe ni ya mita 3. Banda lenye upana wa mita 3 kamili haliwezi kufunikwa na bati moja, kwa sababu paa linahitaji kutokeza nje ya kuta pande zote mbili ili maji yasilowanishe ukuta. Utalazimika kuunga mabati mawili kwa kuyapandanisha, au kuagiza marefu zaidi na kukata kipande cha kutupa. Ukishusha upana hadi mita 2.6, bati moja la mita 3 linatosha kutoka ukuta hadi ukuta na kubakiza karibu sentimita 18 za kutokeza kila upande, ukiwa umeuhesabu pia mteremko wa nyuzi 10. Urefu ukiupeleka mita 4.6, eneo linabaki karibu mita za mraba 12 zile zile ulizozitaka, nao mzunguko wa kuta unaongezeka kwa sentimita 40 tu. Fanya hesabu kama hiyo kwa mbao pia kabla fundi hajapigilia kigingi cha kwanza.

Swali: Je, kibali kinahitajika kwa kibanda cha zana tu?

Jibu: Inategemea mamlaka ya ujenzi ya eneo lako. Mara nyingi kinachoangaliwa ni ukubwa, kimo, umbali kutoka mpaka wa jirani, na kama utaingiza umeme au maji. Uliza kabla ya kuchimba, na ikiwa kuna ada au michoro inayodaiwa, iandike katika bajeti mapema, kwa kuwa gharama ya kubomoa banda lililojengwa pasiporuhusiwa ni kubwa kuliko ada yoyote ile.

Swali: Fundi ananiambia kuna namna mbili za kumlipa, kwa siku au kwa kazi nzima, tena anapendekeza anunue vifaa yeye mwenyewe. Mimi ni mjane, sijawahi kusimamia ujenzi, nami naogopa kuibiwa. Nifanyeje?

Jibu: Dada yetu, kila namna ina udhaifu wake. Anayelipwa kwa siku hana haraka ya kumaliza, na anayelipwa kwa kazi nzima hana sababu ya kukawia hata pale kazi inapotaka subira. Kwa banda, ambalo kazi yake inaweza kuelezwa yote kabla ya kuanza, ningechagua malipo ya kazi nzima yaliyogawanywa kwa hatua. Isipokuwa kama kiwanja kina mizizi, mawe au kifusi kisichojulikana kina chake. Hapo kusawazisha kulipwe kwa siku na ujenzi wenyewe kwa jumla, la sivyo fundi ataongeza bei ya kujikinga na asichokiona, nawe utailipa hata kama chini hakuna kitu.

Hatua za malipo zifuate kazi inayoonekana kwa macho: sakafu imemwagwa, fremu imesimama, paa limeezekwa, mlango umefungwa. Malipo ya mwanzo yasizidi kinachohitajika kuanza. Bakiza angalau sehemu moja ya kumi ya ufundi hadi mlango ufunguke na kufungwa bila kukwaruza sakafu, na hadi paa limwagiwe maji kwa mpira huku wewe umesimama ndani ukitazama kila tundu la msumari. Fundi mwaminifu hachukizwi na jambo hilo likielezwa tangu mwanzo. Kinachomchukiza ni kulisikia siku anayokuja kuchukua fedha zake.

Kuhusu vifaa, mwombe fundi akuandikie orodha yenye idadi na vipimo, kisha uipeleke katika maduka mawili au matatu ukaulize bei. Fundi anayenunua mwenyewe kwa kawaida huongeza faida kidogo, nayo si wizi, kwani anatumia muda wake na anabeba lawama ya kifaa kibovu. Ukishajua bei za dukani utaweza kupima kama faida hiyo ni ndogo kuliko nauli na usumbufu wako. Ukinunua mwenyewe, chukua mbao zote kwa mkupuo mmoja ili usilipie gari mara tatu, lakini saruji usiinunue mapema. Mfuko wa saruji ukikaa mahali penye unyevu huganda ndani kwa ndani, na uliokwisha kuganda haurudi kuwa saruji hata ukipondwa. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, tena kwa siku chache tu. Juu ya hesabu yote weka akiba ya asilimia 10 hadi 15, nawe usimtajie fundi kwamba ipo.

Swali: Nimeona mabanda ya chuma yanayouzwa yakiwa tayari, ya kuunganisha tu. Je, si nafuu?

Jibu: Bei iliyotangazwa ni nafuu, lakini mara nyingi haina sakafu, haina usafirishaji, wala haina mtu wa kuliunganisha. Ongeza hivyo vitatu ndipo ulinganishe. Bati lake huwa jembamba, hutoa jasho kwa ndani usiku unapopoa, na likiwa halikufungwa ardhini kwa vyuma, upepo mkali hulinyanyua. Hata hivyo, kwa aliyepanga nyumba ningelipendekeza bila kusita, kwani akihama atalifungua na kwenda nalo.

Swali: Nikiacha kumwaga zege na kulijenga banda juu ya udongo nitaokoa fedha nyingi. Je, kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya uko kwenye mbao zinazogusa udongo. Unyevu hupanda, mbao huoza kuanzia chini, na penye mchwa wao huanza kabla ya uozo. Hata hivyo kati ya udongo mtupu na zege kamili kuna hatua nyingine, na uamuzi utokane na kitu utakachoweka ndani. Kwa majembe, ngazi na kuni, kokoto iliyoshindiliwa vizuri yenye unene wa sentimita 10 inatosha, mradi nguzo zikae juu ya vipande vya zege vilivyoinuka sentimita 15 kutoka ardhini. Sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa juu ya vipande kama hivyo inafaa kwa mifuko na maboksi, kwa kuwa hewa hupita chini yake. Pikipiki, mashine au benchi la useremala vinataka zege, na kabla ya kulimwaga tandika karatasi ya nailoni ili unyevu wa ardhi usipande kwenye sakafu. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na ya zege, nami hushangaa kuona jinsi inavyorukwa.

Ukiamua kumwaga zege, fahamu kwamba linahitaji kumwagiwa maji au kufunikwa lisikauke haraka kwa siku 7 angalau, na nguvu yake huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya siku 28. Kumwagia maji ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe asubuhi na jioni badala ya kumlipa fundi wa siku.

Swali: Vifaa vilivyotumika vinaweza kunisaidia kupunguza gharama? Jirani yangu anabomoa nyumba na amekubali kuniuzia.

Jibu: Vingine vitakusaidia, vingine vitakurudisha nyuma. Mabati ya zamani yana matundu ya misumari yasiyolingana na papi zako mpya (mbao zinazopigiliwa mabati), na kuyaziba yote ni kazi isiyokwisha. Yafae kwa kuta za upande usiopigwa na mvua badala ya paa. Mbao za zamani mara nyingi ni ngumu na zimekauka vizuri, lakini anayezing'oa misumari hulipwa, kwa hiyo zing'oe mwenyewe kabla fundi hajaanza kazi, na uzigonge moja moja usikie kama zina uwazi wa mchwa ndani. Mlango na madirisha ndivyo vyenye faida kubwa zaidi, kwani vipya hula sehemu nzito ya bajeti ya banda dogo. Sharti lake ni moja: vinunue kabla fremu haijasimamishwa, uvipime pamoja na miimo yake, na umkabidhi fundi vipimo hivyo ili uwazi ujengwe kufuata mlango ulio nao. Upime pia upana wa toroli lako, maana mlango wa chumba cha kulala unaweza kuwa mzuri na bado toroli likagoma kupita.