Kutoka chekechea hadi darasa la tano: nianzie wapi?

SWALI: Nimefundisha chekechea miaka 6. Muhula ujao nimepangiwa darasa la tano, hisabati na lugha. Nidhamu inanitia wasiwasi, ila zaidi sijui nitatambuaje kama wameelewa. Wale wadogo nawaona kwa macho tu. Je, mbinu zangu za zamani nizitupe zote?

JIBU: Mwalimu, usitupe kitu bado.

Nidhamu niimalize haraka. Mimi nilitolewa chekechea nikapewa darasa la nne. Siku ya pili kelele zilipozidi, nikaanzisha ule wimbo wa kupiga makofi ambao wadogo huuitikia hata wakiwa katikati ya ugomvi. Darasa likanyamaza kweli, kwa mshangao. Mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa upole, "Mwalimu, huo si wa watoto?" Tangu hapo wakiingia wanakuta swali la kwanza liko ubaoni, nami nimesimama kimya. Na mwenye kosa namwita pembeni. Mtoto wa miaka 10 au 11 ukimkemea mbele ya wenzake, atakujibu ili kuwaridhisha wao.

Sasa hilo la kutambua, ambalo ndilo zito. Chekechea kosa liko mezani: mtoto amepanga vizibo saba na kusema ni nane, umeona. Darasa la tano wameshajifunza kuficha. Hutikisa kichwa, hunakili kwa jirani, na ukiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia "Ndiyooo" kwa sauti moja. Swali hilo liache kabisa, halina jibu lenye faida. Uliza linalomlazimu mtoto aonyeshe kazi, kisha usubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza husubiri kama sekunde 1 tu, na kwamba wakifikisha 3 majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja zaidi. Sekunde 3 mbele ya darasa lililokukodolea macho ni ndefu mno. Mimi huzihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Na hapa ndipo chekechea inakuja kukuokoa. Utakuta madaftari mengi yameandikwa ½ + ⅓ = ⅖. Mtoto amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, na kwake mantiki imekaa sawa. Mwalimu aliyezoea madarasa ya juu atarudia kanuni ya kutafuta asili moja, kwa sauti kubwa kidogo. Wewe chukua ukanda wa karatasi wa sentimita 30. Nusu yake ni 15, theluthi ni 10. Ziweke bega kwa bega, zinafika 25. Halafu mwambie apime jibu lake, ⅖ ya ukanda uleule. Ni 12. Amejumlisha, na amepata pungufu ya ile nusu aliyoanza nayo! Mwache aitazame karatasi bila kumsemesha. Kanuni ikija baada ya hapo ina mahali pa kukaa, maana 25 kati ya 30 ni ⅚. Kushikika kwa vitu hakuishi umuhimu mtoto akivuka miaka 6. Kinachoisha ni uvumilivu wake wa kuonekana anachezea vitu, kwa hiyo ukanda huo uite kipimo, usiuite mchezo.

Kwenye lugha, wiki mbili za kwanza msikilize kila mtoto peke yake akisoma mistari mitano asiyowahi kuiona. Utapata wanaoona "kama" wakamalizia "kamata" kwa kubahatisha, na wengine wanaotiririka vizuri kumbe hawajui walichosoma. Wa kwanza wana shida ya silabi, na hiyo ni kazi yako ya miaka 6, pengine shuleni hakuna anayeiweza kuliko wewe. Wa pili silabi haziwasaidii; funga kitabu, waambie wakusimulie. Usiwachanganye katika kundi moja la "wasiojua kusoma", watapotezeana muda wote.

Kusahihisha kutakuelemea, nakwambia mapema. Mrundo wa madaftari kila jioni si kazi ya kuweka vyema na kosa tu. Soma machache, tafuta kosa lililojirudia kwa watoto watatu au wanne, na kesho yake wakusanye hao kwa dakika 10 wengine wakiendelea na zoezi. Mengine wasahihishe wenyewe kwa kufuata ubao.

Kabla hujaandika andalio la somo hata moja, mwombe mwalimu aliyewafundisha darasa la nne madaftari yao ya muhula uliopita. Yasome kuanzia kurasa za mwisho.